Mkono wa Kulia wa Afande

Tangu niote ndevu nimepigwa kofi mara moja tu, na aliyenipiga ni Afande. Lilikuwa kofi la asubuhi, la mkono wa kulia. Lilitua kwenye shavu la kushoto nikaona gereji nzima inahama, na kikombe cha chai kikanitoka. Nilikuwa mtu mwenye mke, mwenye duka la spea hapo Kasulu, watu wananiita bosi, halafu nikapigwa kama mtoto aliyedokoa sukari, tena mbele ya madereva wa malori waliokuwa wakiota moto. Hakuna aliyecheka. Mtu aliyepigwa na Afande hachekwi, kwa sababu zamu ilikuwa inazunguka.

Sababu ya kofi hilo nitaisema, lakini nianze na mwenyewe.

Alikuwa askari dereva katika miaka ile ambayo mabasi ya Kibondo hayakuthubutu kuondoka bila gari la polisi mbele. Alipostaafu akafungua gereji nyuma ya duka langu, tukitenganishwa na ukuta wa mabati, na cheo kikabaki kuwa jina. Mpaka mkewe alimwita Afande, ingawa yeye alilitamka kwa namna ya kumkumbusha kwamba mshahara wa polisi ulishakoma. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na sikio la kushoto lilibaki nusu. Ukimtazama upande huo alijua, akageuka taratibu akakupa upande wenye sikio zima, kisha akakuuliza shida yako kwa sauti ambayo ilikufanya usahau shida yenyewe.

Alipiga. Hilo siwezi kulipamba. Alipiga watu, alipiga mabati, alipiga boneti za magari ya watu. Redio ya gereji aliitupia nyundo kwa sababu mtangazaji alikuwa anacheka peke yake. Fundi wa kuchomelea, Mkongomani kutoka kambi ya Nyarugusu ambaye alikuwa akija kwa kibali, aliokota vipande vya redio ile akaviunga, ikawa inasema kwa kukohoa. Mkongomani huyo alikuwa na msemo wake juu ya bosi. "Patron hana mubaya," alikuwa akiniambia. "Iko mukono njo iko na mubaya." Yaani mkono ndio wenye ubaya.

Na Afande huyohuyo hakuweza kutazama mbuzi akichinjwa. Sikukuu zikija mkewe alimtuma sokoni, naye alikwenda upesi, akazunguka huko mpaka akadhani damu imekwisha kufukiwa. Akirudi, anauliza kwanza akiwa mlangoni, "Tayari?" Mke huyo Afande hakumpiga hata siku moja. Ugomvi ukiwaka ndani, yeye ndiye aliyekuwa akitoka nje na kukaa juu ya tairi, akisubiri aitwe kula.

Habari ya sikio alinisimulia mara moja, tukiwa tunakunywa chai, bila mimi kumuuliza.

"Majambazi walikuwa wamelaza gogo," alisema. "Nikapita pembeni. Mmoja akasimama mbele na bunduki. Nikamkanyaga. Gari ilipanda, ikashuka." Akauma kipande cha muhogo, akatafuna mpaka kikaisha. "Halafu kikaja kilima. Mguu umegusa chini kabisa, gari inalia tu, haiendi. Wakawa wanatupiga kwa nyuma kama wanavyotaka. Mwenzangu amekaa nyuma yangu anasema ongeza, Afande, ongeza. Niongeze nini?"

Mwenzake alikufa huku akimwegemea kisogoni. Damu ya sikio na damu ya mwenzake zilichanganyika kwenye kola, na mkewe, alisema, alilifua shati lile mpaka likachanika.

Ndiyo maana alipokutana na nosi, ile gesi ya kwenye mtungi ambayo ukiiingiza kwenye injini gari linapata nguvu ya ghafla, aliipenda kama mtu aliyecheleweshewa jibu. Wenye magari walidhani anafunga nosi kwa sababu ya mbio. Kweli, lami mpya ya kwenda Kibondo ilipokamilika vijana walipata wazimu, Jumapili wakawa wanashindana kwenye vilima. Lakini Afande aliwachukia wenye mbio. Kwake nosi ilikuwa akiba, kitu cha kuongeza siku ile ambayo mtu nyuma yako anasema ongeza.

Mimi nilikuwa na Subaru ya turbo, ya buluu, na mke nesi aliyepangiwa kazi Kibondo. Gari hiyohiyo ndiyo niliyofungulia nayo duka asubuhi, ndiyo iliyobeba vipuri, ndiyo iliyopanda na kushuka kwenda kumchukua mke. Na niseme wazi kwamba niliipenda kasi. Kulipita lori mlimani huku kifua kimekandamizwa kwenye kiti kulinipa raha ambayo sikuipata dukani wala kanisani. Niliagiza vifaa vya nosi kutoka Dar, nikampelekea Afande nikitabasamu kama bwana harusi.

Hakufungua boneti. Aliingia kiti cha abiria, akafunga mkanda, akasema, "Endesha kama unavyokwenda kwa mkeo."

Tulikwenda mpaka kilima cha kwanza tukarudi. Tulipofika aliuliza swali ambalo aliwauliza wote waliotaka nosi, na ambalo wengi walilijibu vibaya wakafukuzwa.

"Kesho asubuhi nani atakaa kiti hiki?"

"Mke wangu," nikasema.

"Basi tutachagua kwa ajili yake. Wewe nyamaza."

Sikunyamaza. Mimi nauza spea, nilikuwa nimesoma kila karatasi iliyokuja na vifaa. Kulikuwa na mfumo mkavu, ambao unapuliza gesi peke yake na kuiachia injini ijitafutie petroli ya ziada. Kulikuwa na mfumo wa maji, ambao unapuliza gesi na petroli pamoja kwenye bomba la hewa. Na kulikuwa na ule mkubwa, ambao kila silinda inapewa bomba lake. Nilitaka mkubwa. Nilimwambia kwamba ndio unaogawa sawasawa, ndio wa wakubwa wa mbio.

Akaipiga boneti ya Subaru yangu kwa ngumi. Ile alama ipo mpaka leo.

"Wakubwa wa mbio wanafungua injini kila Jumatatu. Wewe Jumatatu unauza plagi. Huo mkavu nao siutaki, unategemea pampu ya petroli, na pampu yako imezeeka. Siku ikichoka, pistoni zinatoboka, mkeo anabaki porini. Tunafunga wa maji. Jeti ndogo."

Jeti ni kipande cha shaba chenye tundu linalopima gesi ipite kiasi gani, na aliyoishika ilikuwa na tundu la kupitisha sindano. Nilimwambia kwa hiyo hata sitasikia kitu. Akanitazama na upande wa sikio zima.

"Utasikia siku ukihitaji."

Alifunga kwa uangalifu ambao sikuwahi kuuona kwake kwenye jambo lingine. Swichi aliiweka chini ya pedeli, ili gesi isitoke mpaka mguu uwe umeshuka wote. Akaongeza nyingine ya kuizuia gesi injini ikiwa bado inazunguka polepole. Mtungi aliufunga kwa mikanda ya chuma nyuma ya kiti cha nyuma, na kutoka kwenye valvu yake akapitisha bomba hadi nje ya gari, kwa sababu kwenye valvu hiyo kuna kisahani chembamba ambacho mtungi ukijaa kupita kiasi kinapasuka chenyewe na kuitoa gesi. "Hiki kisahani," alisema, "ndiye padri wa mtungi. Ukimwondoa padri, mtungi hauungami, unakuua." Alilipenda neno lake hilo, na alilirudia kwa kila mteja.

Sasa kofi. Kasulu ina baridi wakati wa kiangazi, na asubuhi zake zinauma. Madereva wa malori wa huku wana desturi ambayo mgeni akiiona anashika kichwa: wanawasha moto wa kuni chini ya lori, chini ya sampu, ili oili iliyoganda iyeyuke ndipo wapige stata. Kwetu hiyo ni kazi ya asubuhi kama kupiga mswaki. Na kikishakuwepo moto, kila kilichokaza kinasogezwa. Betri inasogezwa, boksi la grisi linasogezwa, miguu inasogezwa. Nosi nayo ikipigwa na baridi inapoteza nguvu, mshale wa geji unalala. Dawa yake ni blanketi la umeme linalozungushwa kwenye mtungi, nami sikuwa nalo. Asubuhi ile niliufungua mtungi kwenye gari nikaulaza kando ya makaa, taratibu, nikamimina chai.

Sikumsikia akija. Lilikuja kofi kwanza, ndipo likaja neno. Nikiwa bado natafuta ardhi, aliuvuta mtungi kwa mguu, akauviringisha mpaka kwenye dimbwi la kuoshea magari, akasimama akiutazama huku akihema. Kisha akarudi kwangu, nikadhani anakuja kuongeza.

"Umetaka kumfanya mke wangu anifulie shati lingine," akasema.

Nilimchukia. Nikawa napitia njia ya mbele ili nisikutane naye. Lakini sikuusogeza mtungi kwenye moto tena, na kila nikiona makaa shavu lilinipiga lenyewe.

Kilichomkomesha ni mtu mmoja mwenye gari la Noah. Alikuwa dereva wa abiria, aliingia gerejini mchana gari limejaa, akasema kwa kujisifu kwamba breki zilimfia tangu karibu na Kibondo na amekuja anashuka kwa gia tu. Abiria walikuwa bado ndani, mama mmoja ana mtoto mgongoni. Afande aliuchukua mkanda wa feni uliokuwa ukutani akaanza kumchapa nao, mkanda ulipomponyoka akaendelea kwa mkono. Nilisikia taya likivunjika. Mlio wake ni kama wa muhogo mkavu. Abiria walewale aliokuwa akiwapigania ndio waliomvuta wakilia, wakimwomba amwache, na yule mama mwenye mtoto alimng'ata begani.

Afande mwenyewe ndiye aliyembeba yule dereva mpaka hospitali. Taya lilipofungwa kwa waya alimpelekea uji kila asubuhi, akakaa kitandani pake akimshikia mrija, na yule mtu akanywa huku macho yamemtoka kwa hofu. Sijui kama niite huo wema. Niliona mara moja nikaomba nisione tena.

Mkewe ndiye aliyemaliza jambo. Alimtoa mbele ya kanisa Jumapili, mbele ya mchungaji na mwenyekiti wa mtaa na sisi sote, akamwambia aape kwamba hatamnyanyulia binadamu mkono tena. Mchungaji akakohoa.

"Sitanyanyua," Afande akasema.

"Huo mkono," mkewe akasema. "Utaje."

"Huu mkono sitaunyanyua."

Na hakuunyanyua. Gereji ikawa ya ajabu. Mtu akikosea, Afande alijishika mkono wa kulia kwa wa kushoto na kusema kwa sauti ndogo, "Ndugu yangu, umekosea." Watu wakaanza kumzoea. Mazoea yana tabu, wahenga walisema, na tabu yetu ilikuja na mchomoko.

Mchomoko ni zile gari ndogo za kubeba abiria huku kwetu, na dereva huyu ninayemsema alikuwa na Probox. Alikuwa amefukuzwa na Afande zamani, kwenye lile swali. Aliulizwa nani atakaa kiti hiki kesho, akajibu, "Yeyote mwenye nauli." Akaenda kufungiwa nosi mji mwingine na mtu asiyejua, kwa mtungi wa mkono wa pili. Kile kisahani cha usalama kilikuwa kimeshapasuka huko nyuma, na badala ya kuweka kipya waliziba tundu kwa bolti.

Alikuja gerejini asubuhi ya baridi kubadilisha tairi. Lori lilikuwa linawashiwa moto. Naye, kama nilivyofanya mimi, kama ambavyo yeyote aliyekulia huku angefanya, aliutoa mtungi akaulaza. Tofauti ni kwamba yeye aliulaza juu ya makaa kabisa.

Nilikuwa nafungua duka, nikawaona kupitia mlango wa mabati. Afande alisimama hatua chache kutoka kwa yule dereva, mkono wa kushoto umeushika wa kulia. Kifundo kilikuwa kimebanwa mpaka vidole vimepauka.

"Ndugu yangu," alisema, "toa hicho kitu kwenye moto."

"Nakipasha kidogo tu, mzee. Geji imelala."

"Kitoe."

Yule dereva alicheka. Simlaumu sana kwa kicheko, ndiyo desturi tuliyokuwa tumeizoea wakati huo, Afande mpole, Afande wa ndugu yangu. "Mzee naye siku hizi amekuwa mchungaji," akasema, akageuka kuendelea na tairi lake.

Mkongomani aliacha mashine yake akapiga kelele, "Patron, toka pale, ile butei itapasuka!"

Zamani kofi lingekuwa limeshafika. Dereva angeanguka upande mmoja, mtungi ungeviringishwa kwa mguu kwenda dimbwini, chai ingeendelea. Nilimwona Afande akiutazama mkono wake. Kisha akauachia, na badala ya kumfuata mtu akaufuata mtungi. "Va aho!" alimpigia dereva kelele kwa Kiha, toka hapo, akainama, akaukamata kwa mikono miwili, moto na yote, akageuka kuelekea dimbwi.

Mlio ulinitupa chini ya kaunta. Kichwa cha mtungi kiliruka upande mmoja na mtungi wenyewe upande mwingine. Mtungi ulipita kwenye mabati ya ukuta wetu, ukapita kwenye rafu zangu za feni na rejeta, ukatokea barabarani. Nilipotambaa kwenda nje, vumbi lilikuwa jeupe kwa ubaridi wa ile gesi, makaa yametapakaa kila mahali, na Afande amekaa chini, ameinua mkono wa kulia mbele ya uso wake, na mkono ulikuwa unaishia kwenye kifundo. Mkongomani alivua mkanda wake wa suruali akamfunga. Dereva wa Probox hakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Alisimama akirudia, "Alisema nitoe. Alisema nitoe." Baadaye nilisikia amehamia Nyabibuye, anauza maharage.

Nilikasirika na nimebaki na hasira hiyo. Nilimkasirikia dereva, nikaukasirikia ule moto wa malori, nikakikasirikia kiapo, na mpaka leo sijui nifanye nini na hasira ya kukasirikia kiapo kizuri. Nilikutana na mkewe kwenye korido ya hospitali, ameshika beseni. Aliniambia, "Mimi nilitaka aache kupiga tu," akanipita.

Ilipita misimu ya mvua kabla sijamwendea kwa habari ya gari. Gereji ilikuwa imebaki kwa Mkongomani siku za kibali, Afande akikaa juu ya tairi na kuelekeza kwa maneno. Nami, binadamu havunjiki tabia kirahisi, nosi yangu ilikuwa bado nyuma ya kiti, na ile jeti ndogo ilikuwa imeanza kunichosha. Nilikuwa nimeagiza kubwa. Nilikuwa nayo mfukoni, imefungwa kwenye karatasi, na nilikuja mchana akiwa peke yake.

"Afande, shikamoo."

"Marahaba. Mkeo?"

"Mzima. Anarudi kazini Kibondo, likizo ya uzazi imekwisha."

Nilimweleza nilichotaka. Nilieleza vizuri, nikataja pampu mpya niliyoweka, nikataja plagi za baridi, mambo yote ambayo angeyataja yeye. Nikafungua karatasi nikamwonyesha. Aliitazama jeti jua likipita kwenye tundu lake, akatazama gari, akatazama kiti cha nyuma ambapo nilikuwa nimefunga kitanda cha mtoto, hapohapo mbele ya mtungi.

"Kesho asubuhi," akauliza, "nani atakaa kiti kile?"

Nikaifunga tena jeti kwenye karatasi yake.

"Binti yangu," nikasema.

Alinyanyuka. Sikuwahi kuuona mkono ule ukija tangu kanisani, lakini mwili ulikumbuka, nikafumba macho nikakaza shingo, nikasubiri. Kilichofika shavuni kilikuwa kigutu. Kilifika bila mlio, ngozi yake ngumu na ya moto, kikabaki hapo. Nilipofumbua macho niliona amesahau kiapo, na nikaona anakikumbuka. Tulisimama hivyo, mimi na yeye, hakuna aliyejua nani aondoke kwanza.

"Mama asijue," akasema, akimaanisha mkewe.

"Hatajua."

Akakishusha, akakificha chini ya kwapa. "Chukua spana. Toa mfumo wote."

Nilitoa mtungi na mabomba na swichi, nikiwa chini ya gari na juu ya gari, yeye akinitukana kila nilipozungusha nati upande usio wake. Jeti niliitupa kwenye pipa la oili chafu. Alisubiri mpaka akaisikia imegusa chini.

Asubuhi tuliondoka na mke na mtoto. Kwenye kilima kirefu kulikuwa na lori la mahindi, linapanda kwa kulia, moshi wote unatujia sisi. Mke wangu, ambaye ananijua, alinitazama, akatazama barabara iliyokuwa wazi mbele, akaniuliza gari lina nini leo.

"Halina kitu," nikamwambia, na nikabaki nyuma ya lori mpaka juu.